Barua Pepe Haijafika? Ifuatilie Njia Iliyopita

Umeandika barua, umeambatisha nyaraka, umebonyeza "tuma", na barua imeingia kwenye folda ya zilizotumwa. Kesho yake unapiga simu kuulizia, na mtu wa upande wa pili anakwambia hajaona kitu. Hapo wengi wetu huanza kutuma tena na tena tukiamini kwamba mojawapo itapenya. Tukichoka tunasema mtandao ni mbovu, tunaipeleka hati kwa WhatsApp, na shida yenyewe inabaki pale pale ikisubiri barua nyingine.

Nakushauri usikate tamaa mapema hivyo. Barua pepe huacha alama kila inapopita. Kila seva inayoipokea huandika juu yake jina lake, imeipokea kutoka wapi, na saa ngapi. Ikikataliwa, anayeikataa hutoa namba ya sababu. Ukijua kuzisoma alama hizo, utajua ndani ya dakika chache kama tatizo liko kwako, kwa mwenzako au njiani, na fundi ukimwita utamweleza jambo la kueleweka.

Tuanze na hiyo folda ya zilizotumwa, maana inawapa watu uhakika usiokuwepo. Barua kuonekana humo kunathibitisha jambo moja tu: programu yako imeikabidhi kwa seva ya kwanza, iwe ni ya ofisi, ya Gmail au ya kampuni unayoilipia huduma. Safari ndiyo kwanza inaanza. Seva hiyo hutazama kilichoandikwa baada ya alama ya @, yaani kikoa, tuseme example.com, kisha huuliza kwenye mfumo wa majina ya intaneti, yaani DNS, swali moja: barua za kikoa hiki zinapokelewa wapi? Jibu lake ni rekodi ya MX. Kikoa kinaweza kuwa na rekodi hizo kadhaa, kila moja na namba yake. Yenye namba ndogo hujaribiwa kwanza, na nyingine ni za akiba. Baada ya hapo seva yako inapiga hodi kwa seva iliyotajwa, kupitia mlango namba 25.

Mazungumzo yao ni mafupi na yana adabu yake. Anayeleta anajitambulisha kwa neno EHLO na jina lake. Anasema MAIL FROM, barua imetoka kwa fulani. Mwenyeji anajibu 250, yaani sawa. Anasema RCPT TO, inakwenda kwa fulani, 250 tena. Anasema DATA, mwenyeji anajibu 354, haya ilete. Barua inamiminwa yote pamoja na viambatisho, na mwisho wake ni nukta iliyokaa peke yake kwenye mstari. Mwenyeji akijibu 250 baada ya nukta hiyo, dhamana imehama. Kuanzia hapo ni juu yake kuifikisha, au kumrudishia mtumaji taarifa kwamba imeshindikana. Utaratibu huu ndio SMTP. Jon Postel aliuandika katika hati ya RFC 821 ya Agosti 1982, na ingawa umeongezewa mengi tangu wakati huo, uti wa mgongo wake haujabadilika.

Kuna jambo moja hapa la kulishika. Anwani zinazotajwa kwenye mazungumzo hayo ndizo zinazoongoza barua, na wataalamu huziita bahasha. Majina unayoyaona ukifungua barua, kwenye mistari ya "Kutoka" na "Kwenda", ni maandishi ya ndani, na seva haziyatumii kutafuta njia. Ndiyo maana mtu aliyewekwa kwenye nakala ya siri hupata barua bila jina lake kuonekana popote. Ndiyo maana pia tapeli anaweza kuandika jina la mkurugenzi wako kwenye "Kutoka", na barua ikafika.

Uzuri wa rekodi ya MX anauelewa zaidi anayejua mambo yalivyokuwa kabla yake. Katika miaka ya 1980 mitandao ilikuwa mingi na haikuzungumza lugha moja: ARPANET, ambako Ray Tomlinson alikuwa ameanza kutumia alama ya @ mwaka 1971, BITNET ya vyuo vikuu, UUCP ya kompyuta za Unix zilizopigiana simu, na FidoNet, aliyoianzisha Tom Jennings kule San Francisco mwaka 1984. Mtumiaji wa UUCP alilazimika kuandika njia nzima kwa mkono, jina la mashine baada ya mashine, akizitenganisha kwa alama za mshangao. Mashine moja ya katikati ikizimwa, barua imekwama. Kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine ilibidi kupita kwenye kompyuta ya mpakani iliyojua lugha zote mbili. Januari 1986 Craig Partridge akaandika RFC 974, iliyoeleza jinsi seva itakavyoitafuta njia yenyewe kwa kuuliza MX. Tangu hapo mtumaji hahitaji kujua barua inapita wapi. Anatakiwa kujua anwani tu.

Afrika Mashariki tuliyapitia hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya intaneti ya moja kwa moja, mashirika ya Nairobi yalibadilishana barua na GreenNet ya London kwa laini za simu za kawaida, kwa programu za FidoNet. Barua zilikusanywa, zikafungwa pamoja, zikasubiri zamu ya simu kupigwa. Hata intaneti ilipofika, ofisi mbili za Nairobi zilizounganishwa na kampuni tofauti ziliandikiana kwa kupitia satelaiti hadi Marekani au Ulaya na kurudi. Kituo cha kubadilishana data cha KIXP kilizinduliwa Novemba 2000 kuondoa mzunguko huo, kikafungwa baada ya Telkom Kenya kulalamika, kikafunguliwa tena Februari 2002. Ukisikia kwamba watu waligombania kituo hicho, ujue lilikuwa suala la gharama ya satelaiti ambayo kila barua ya jirani kwa jirani ilikuwa inalipa.

Barua iliyorudi ina maneno yake

Barua ikishindikana, unapata taarifa ya Kiingereza yenye maandishi mengi ya ajabu. Watu huifuta bila kuisoma. Naomba usiifute, kwa sababu ndani yake kuna namba zinazoeleza kila kitu.

Tafuta kwanza namba ya tarakimu tatu. Ikianza na 4, kikwazo ni cha muda. Seva yako inaiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena yenyewe. Mwongozo wa SMTP unashauri isubiri angalau nusu saa kabla ya kurudia, na isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5, ingawa zipo huduma zinazokata tamaa mapema zaidi. Kwa hiyo ukipata taarifa kwamba barua "imechelewa", kutuma nakala nyingine kunarefusha foleni tu, na mwenzako atakuja kuzipata zote kwa mpigo. Ikianza na 5, barua imekataliwa moja kwa moja na haitajaribiwa tena. Hapo ni lazima kitu kibadilike ndipo utume.

Kisha tazama namba tatu zenye nukta zinazofuata, kama 5.1.1. Ya katikati ndiyo ya kuishughulikia. Ikiwa 1, tatizo ni anwani: 550 5.1.1 inakwambia mtu huyo hayupo hapo, kwa hiyo kagua herufi moja moja, na uangalie kama hujaandika .com badala ya .co.tz. Ikiwa 2, tatizo ni kisanduku cha mpokeaji: 452 4.2.2 mara nyingi ni kisanduku kilichojaa, na dawa yake ni kumpigia simu mwenyewe afute mizigo. Ikiwa 3, tazama ukubwa: 5.3.4 ni barua iliyozidi kiwango. Ikiwa 4, njia yenyewe ina hitilafu: 4.4.1 ni seva ya kule kutoitika, na 5.4.6 ni barua inayozunguka, seva hii ikiipeleka kwa ile na ile ikiirudisha kwa hii. Mashine huhesabu alama zilizokwisha kupigwa, na zikizidi kiwango zinaikatiza barua isizunguke milele. Ikiwa 7, umekataliwa kwa sababu za usalama au sera, na hilo nitalieleza kwa urefu kwa sababu ndilo linalozikumba ofisi zetu zaidi.

Kuhusu ukubwa, neno moja. Kiambatisho kabla ya kusafiri hugeuzwa kuwa herufi za kawaida, na kila baiti 3 huwa herufi 4. Faili la megabaiti 20 kwenye kompyuta yako linafika karibu 27 likiwa njiani, hivyo linaweza kugonga dari ya seva iliyojiwekea kiwango cha megabaiti 25 huku ukiapa kwamba hujaizidi. Kwa hati nzito tuma kiungo.

Kusoma alama za safari

Sasa chukulia barua imefika lakini imechelewa, na mko kwenye mvutano wa zabuni iliyofungwa saa nne asubuhi. Mpokeaji anasema umeleta saa nne na robo, wewe unasema uliituma saa tatu. Mwombe afungue maandishi halisi ya barua. Kwenye Gmail ya kompyuta, bonyeza nukta tatu zilizo juu ya barua, kisha chagua kuonyesha barua halisi. Utaona mistari kadhaa inayoanza na Received. Isome kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa kila seva hubandika mstari wake juu ya ile iliyoikuta.

Tuseme mstari wa chini umeandikwa hivi:

Received: from ofisi-pc by mail.example.org, Tue, 4 Mar 2025 09:12:44 +0300

Na wa juu yake:

Received: from mail.example.org by mx.example.com, Tue, 4 Mar 2025 02:16:10 -0500

Usibabaike kwa kuona saa imerudi nyuma. Tarakimu za mwisho zinaonyesha tofauti na saa za dunia: +0300 ni saa zetu za Afrika Mashariki, na -0500 ni saa za mashariki ya Marekani wakati wa baridi, nyuma yetu kwa saa nane. Kwa hiyo 02:16 ya kule ni 10:16 ya kwetu, saa nne na dakika kumi na sita asubuhi. Seva ya mtumaji iliipokea barua saa tatu na dakika kumi na mbili, ikakaa nayo saa moja na dakika tatu kabla ya kuikabidhi. Mtumaji amesema kweli kwamba aliandika mapema, na mpokeaji amesema kweli kwamba ilifika baada ya muda. Wa kuulizwa ni msimamizi wa mail.example.org, na swali ni moja: foleni ilikuwa inasubiri nini? Huenda jibu ni kwamba seva ya kule iliikataa kwa muda kwa kuwa haijawahi kupokea barua kutoka kwake, ikaitaka irudi baadaye. Ni mbinu ya kuwachuja watuma barua taka, kwa sababu wengi wao hawarudi. Ukituma zabuni kwa taasisi ambayo hujawahi kuiandikia, tuma siku moja kabla.

Ila usiiamini mistari yote kwa kipimo kimoja. Iliyowekwa na seva yako mwenyewe ni ya kuaminika. Iliyo chini yake imekuja na barua, na mtumaji mwenye nia mbaya anaweza kuibuni.

Kwa wenye kikoa chao

Shule, zahanati, kampuni ya utalii, chama cha ushirika: wote siku hizi wanataka anwani yenye jina lao, na ni jambo jema. Lakini jina hilo lina rekodi zake kwenye DNS, na mara nyingi hakuna mtu ofisini anayejua nani ana nenosiri la kuzibadili. Aliyesajili ameshahama, au ni binamu wa mkurugenzi. Fanya hili kabla ya lingine lolote: jua kikoa kimesajiliwa kwa nani, kinaisha lini, na rekodi zake zinakaa wapi. Kikoa kikiisha muda, tovuti na barua zote hukatika pamoja.

Balaa la kawaida huanza siku ya kuhamisha tovuti. Anakuja fundi mpya, anaelekeza kikoa chote kwenye seva zake, tovuti inang'aa, kila mtu anapongeza. Kesho yake barua hakuna. Rekodi za MX zilikuwa upande wa zamani na hakuna aliyezinakili. Ubaya zaidi ni kwamba kikoa kisipokuwa na MX, seva za dunia haziachi kujaribu: zinapeleka barua kwenye mashine yenye anwani ya tovuti. Mashine hiyo ikiwa na programu ya barua, inaweza kuzipokea na kuzitunza kwenye kisanduku ambacho hakuna anayejua kwamba kipo. Kabla ya kuhama, andika pembeni rekodi zote za MX na zile za maandishi ziitwazo TXT, na umkabidhi fundi kwa maandishi.

Kuna mtego mwingine wa aina hiyo, nao huwatesa hata mafundi. Tovuti yako inakaa kwa kampuni ya kuhifadhi tovuti, lakini barua zako umezihamishia Google au Microsoft. Barua kutoka nje zinafika vizuri. Lakini mteja akijaza fomu ya mawasiliano kwenye tovuti yako, huoni kitu. Sababu ni kwamba seva ya tovuti bado inalihesabu jina lako kuwa mkazi wake. Haihangaiki kuuliza MX, inaiweka barua ndani ya nyumba, kwenye kisanduku ulichokihama. Vivyo hivyo kwa jirani ambaye tovuti yake iko kwenye mashine hiyo hiyo: dunia nzima inakupata, yeye peke yake hakupati. Kwenye cPanel, programu ya kusimamia seva ya tovuti, kuna mahali pa kuchagua jinsi barua zinavyoelekezwa. Mwambie fundi achague kwamba barua za kikoa hiki ziko seva ya nje. Ni kubofya mara moja, na ninasikitika kila ninapoona ofisi iliyopoteza wateja kwa miezi kwa kukosa mbofyo huo.

Sasa ile namba 7 niliyoahidi kuieleza, ya kukataliwa kwa usalama au sera. SMTP ilizaliwa kwenye jamii ndogo ya watu waliofahamiana, haikuwa na njia ya kuthibitisha anayejitambulisha. Kinga zilikuja baadaye, na zote zinakaa kwenye DNS yako. SPF ni orodha ya seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina lako. DKIM ni saini ya kihesabu inayobandikwa kwenye kila barua. DMARC inawaambia wapokeaji wafanye nini barua ikishindwa vipimo hivyo, na wakutumie ripoti. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai kila mtumaji awe na SPF au DKIM, na anayetuma kwa wingi, kwa Google ikiwa ni barua zaidi ya 5,000 kwa siku, awe na zote tatu. Ofisi ndogo isiyo na hata moja inajitafutia kurushwa kwenye barua taka.

Kosa ninalolikuta mara kwa mara ni kuwa na rekodi mbili za SPF: moja iliyowekwa na kampuni ya tovuti, nyingine na aliyeanzisha huduma ya barua. Kikoa kinaruhusiwa moja tu. Zikiwa mbili, mpokeaji anahesabu kwamba umekosea na hakuna inayofanya kazi. Ziunganishe kuwa moja yenye majina yote: seva ya barua, mfumo wa ankara, na kila chombo kinachotuma kwa jina lako.

Tabia ya kuelekeza barua za ofisi ziende Gmail binafsi nayo ina madhara yake. Seva ya ofisi ikipokea barua ya benki na kuisukuma mbele, Gmail inaona barua ya benki ikiletwa na mashine isiyo kwenye orodha ya benki, na SPF inafeli. Saini ya DKIM kwa kawaida huvumilia safari hiyo mradi barua haijaguswa, lakini si kila mtumaji anaweka saini. Bora uiongeze akaunti ya ofisi kwenye simu yako, usome barua pale zilipo.

Alama hizi hizi ndizo zitakazokulinda na utapeli wa ankara. Ukipata barua kutoka kwa msambazaji wako ikisema akaunti ya benki imebadilika, fungua maandishi halisi na utafute mstari wa Authentication-Results. Ukiona dmarc=fail, usilipe. Ukiona pass, bado soma jina la kikoa herufi kwa herufi, na uangalie kama Reply-To inaelekea kwingine, kwa maana tapeli anaweza kusajili jina linalofanana na la kweli na kulipatia saini zake halali kabisa. Au ameiba nenosiri la msambazaji mwenyewe, na hapo vipimo vyote vitapita. Mpigie simu kwa namba uliyokuwa nayo zamani, usitumie iliyo kwenye barua.

Na barua zako zikikataliwa na taasisi ambayo humjui mtu humo, andika kwa postmaster kwenye kikoa chao, ukitumia anwani ya nje ya kikoa chako, ili nayo isikataliwe. Masharti ya SMTP yanataka kila kikoa kinachopokea barua kiwe na anwani hiyo. Bandika taarifa nzima ya kurudishwa kama ilivyo, taja saa pamoja na +0300, taja anwani ya IP ya seva yako. Kisha hakikisha postmaster wa kikoa chako mwenyewe ipo na kuna mtu anayeisoma, kwani wapo watu wanaojaribu kukueleza kwamba barua zao hazikufikii.